Kahawa Inayouzwa Ikiwa Maua

Mibuni ya Nyakahanga ikishachanua haikai muda mrefu bila mnunuzi. Maua meupe hunukia shamba zima kwa siku chache, huanguka, na kabla punje za kijani hazijatokeza sawasawa, kahawa ya watu wengi imeshauzwa. Hakuna aliyeichuma wala aliyeipima. Mwenye shamba amekaa sebuleni na mtu mwenye fedha taslimu, wamekubaliana magunia mawili au matatu ya kahawa ya maganda, karatasi ya daftari imeandikwa, shahidi amesaini, na fedha imeshakwenda kwenye sare za shule au kwenye dirisha la dawa. Kagera nzima biashara hiyo inaitwa butura. Serikali imeikemea na kuipiga marufuku kwa miaka mingi, na kila msimu inarudi.

Nimeanza na butura kwa sababu ndiko kuanguka kwa kaya nyingi za Karagwe na Kyerwa kunakoanzia. Magazeti yakiandika habari za kufilisika, huwa ni kampuni ya mjini iliyofungwa na magari yake kupigwa mnada. Mkulima wa ekari mbili hatajwi. Lakini mtu ambaye madeni yake yamezidi kila alichonacho amefilisika, awe na kampuni au awe na kibanja cha migomba. Watu wa namna hiyo wapo vijijini kwetu. Wanasalimia kama kawaida, wanahudhuria misiba, na wakisikia pikipiki ya mdai wanapitia njia ya nyuma.

Nyakahanga ni kata iliyo jirani na Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe. Kuna hospitali teule ya wilaya inayomilikiwa na Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kilutheri, kuna shule, na kuna vilima vyenye migomba na mibuni iliyochanganywa shamba moja. Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inaendelea kaskazini hadi mpakani na Uganda na Rwanda. Kote huko ndizi ndiyo chakula na kahawa ndiyo fedha. Fedha hiyo huja mara moja kwa mwaka, mavuno yanapoanza mwezi Mei hadi Septemba hivi. Mahitaji hayasubiri Mei. Januari shule zinafunguliwa. Februari mtoto anaugua. Machi kuna msiba, na mchango wa msiba haukopwi.

Chukua hesabu ndogo, bei zikiwa za mfano tu. Desemba mkulima anapokea shilingi 60,000 kwa gunia moja la kilo 60 za maganda atakalolitoa mwezi Julai. Ni sawa na shilingi 1,000 kwa kilo. Julai inafika, chama cha msingi kinalipa shilingi 3,000 kwa kilo, na gunia lile lina thamani ya shilingi 180,000. Mkulima analibeba gunia analikabidhi. Kwa miezi 7 amelipa shilingi 120,000 juu ya 60,000 alizopewa. Kanuni za huduma ndogo za fedha za mwaka 2019 zinamtaka mkopeshaji aliyesajiliwa katika daraja la pili, yaani asiyepokea amana, asitoze riba inayozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, 60,000 zile zingezaa riba ya shilingi 14,700 tu kwa muda uleule. Butura imemla mara 8 zaidi, na kwa kuwa imeandikwa kama mauzo ya mazao, mnunuzi husema hajamkopesha mtu.

Mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la London ilivuka dola 5,000 kwa tani, wakati mwanzoni mwa 2023 ilikuwa chini ya nusu ya hapo. Robusta ndiyo kahawa yetu. Aliyekuwa na kahawa yake mkononi aliiona neema ile. Aliyeiuza ikiwa maua alibaki kuitazama bei ya jasho lake kwa macho. Na mvua ikigoma, magunia yakapungua, upungufu unaandikwa msimu unaofuata, mara nyingi na nyongeza. Hapo ndipo mtu anajikuta mwaka wa tatu analima shamba lake mwenyewe kwa ajili ya mtu mwingine.

Ushirika ulikusudiwa kuzuia haya. Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, na vyama vyake vya msingi vinakusanya kahawa na kuiuza, na mwaka 2018 Serikali ilielekeza kahawa yote ipitie ushirika, kwa lengo la kuua butura na magendo ya kwenda Uganda. Nia ilikuwa njema. Lakini mkulima anayelipwa wiki kadhaa baada ya kupeleka kahawa, huku mwenye fedha taslimu akija hadi mlangoni, atavumilia mara moja au mbili tu. Mimi siamini kwamba wakulima wa Karagwe hawajui kuhesabu. Wanajua vizuri kabisa kwamba wanapunjwa. Wanachokosa ni shilingi 60,000 za mwezi Desemba kutoka kwa mtu mwingine.

Ugonjwa ni sababu ya pili, na pengine ndiyo katili kuliko zote. Bima ya afya ya jamii iliyoboreshwa ilikuwa ikitolewa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, fedha ambayo ilipaswa kupatikana msimu wa kahawa na kutengwa kabla ya kitu kingine. Kaya ambayo haikufanya hivyo humaliza akiba yake kwa kulazwa mara moja. Rufaa ikiandikwa ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, gharama za matibabu ni sehemu tu ya mzigo: kuna nauli, kuna ndugu wa kumuuguza, kuna chakula na malazi ya huyo ndugu, na kuna shamba lililobaki bila mtu. Watu huuza ng'ombe kwanza, kisha wanakopa, kisha wanauza kipande cha shamba. Ukiona mpangilio huo umefika hatua ya tatu, ujue nyumba iko taabani.

Halafu kuna migomba yenyewe. Mnyauko wa bakteria uliingia Kagera mwaka 2006 kupitia Muleba na kusambaa, na shamba ukiligusa hakuna dawa zaidi ya kung'oa na kusubiri. Kabla yake, mwaka 1997, mnyauko wa kahawa ulikuwa umeshagundulika mkoani. Migomba ikifa, kaya inaanza kununua ndizi ilizokuwa ikizikata nyuma ya nyumba, na fedha ya kahawa iliyokuwa ya ada inageuka kuwa fedha ya kula. Mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akafika hapo. Kwa hiyo naona ni uonevu tunapomtazama kila mwenye madeni kama mlevi au mzembe. Wapo waliopoteza kwa mikeka ya kubashiri mpira na kwa harusi kubwa kuliko mifuko yao, kukopa harusi kulipa matanga. Lakini sio wengi kama tunavyopenda kusema.

Mwenye mshahara naye hayuko salama. Mwalimu na muuguzi wanalindwa na utaratibu wa theluthi moja: makato ya mikopo hayatakiwi kuacha chini ya theluthi ya mshahara wao. Utaratibu huo unazuia benki. Haumzuii mkopeshaji wa mtaani anayeshika kadi ya benki na namba yake ya siri, ambaye siku ya mshahara ndiye anayetangulia kwenye mashine, kisha anampigia simu mwenye kadi kumweleza kilichobaki. Mikopo ya namna hii ndiyo inayoitwa kausha damu. Anayechukua shilingi 200,000 na kuambiwa arejeshe 10,000 kila siku kwa siku 30 atakuwa amelipa 300,000, yaani riba ya asilimia 50 kwa mwezi, ingawa kwenye mazungumzo neno riba halikutajwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa simu zisizo na leseni. Wakopaji wa programu za namna hiyo wanajua ujumbe unaotumwa kwa mama mkwe, kwa mchungaji na kwa mkuu wa shule, ukimtaja mtu kuwa ni mdaiwa sugu.

Katika vikundi vya mikopo vya wanawake aibu inakuja kwa njia nyingine. Siku ya marejesho mmoja akikosa, wenzake hawaondoki hadi fedha zitimie. Wakati mwingine wanakwenda nyumbani kwake na kubeba godoro, sufuria, redio. Wanaofanya hivyo ni majirani aliowapikia walipojifungua. Sheria inawataka watoe wao mifukoni mwao kama wadhamini, na wao pia wana watoto. Udhamini ni jambo tunalolifanya kwa kuona haya kukataa, na ni mlango mpana sana wa kufilisika. Ukitia saini kumdhamini shemeji, deni lile ni lako siku atakayovuka mpaka wa Murongo kwenda Uganda.

Sasa nizungumzie karatasi. Wakopeshaji wengi wasio na leseni hawamwandikishi mtu mkataba wa mkopo. Wanamwandikisha mkataba wa mauziano. Juu imeandikwa kwamba fulani ameuza shamba lake lenye migomba na mibuni, mipaka ikatajwa kwa majina ya majirani na mti wa mpaka ulioko pembeni, bei ikaandikwa, na kwa mdomo tu anaambiwa kwamba akirudisha fedha karatasi itachanwa. Fedha isiporudi, mwenye karatasi haendi kudai deni. Anakwenda kudai shamba. Yeyote anayesoma makala hii na amewekewa karatasi mezani, asome mstari wa kwanza kabla ya kuangalia kiasi cha fedha. Kama ni mkopo, iandikwe mkopo, kiasi kilichopokelewa, riba, tarehe za kurejesha, na nakala ibaki kwake. Mkopeshaji halali wa daraja la pili ana leseni ya Benki Kuu, SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na kikundi cha kijamii kimesajiliwa kupitia halmashauri. Kuuliza leseni si utovu wa adabu.

Deni likishashindikana, kinachowaumiza watu zaidi ni kutojua sheria inasema nini. Deni ni shauri la madai. Kushindwa kulipa mkopo, peke yake, si kosa la jinai, na kituo cha polisi si mahali pa kukusanyia marejesho. Kifungo cha madai kipo, lakini hutolewa na mahakama baada ya hukumu na baada ya mdaiwa kusikilizwa, hakizidi miezi 6, na mdai ndiye anayelipia posho ya kumlisha aliyefungwa. Sheria ya Mwenendo wa Madai inakataza kukamata, kwa kutekeleza hukumu ya deni, nguo na vyombo vya kupikia vya familia, vitanda na matandiko, zana za kazi, nyumba anamoishi mdaiwa na mke na watoto wake wanaomtegemea, na ardhi ya kilimo ya mtu ambaye maisha yake yote yanaitegemea. Soma tena orodha hiyo, halafu fikiria godoro lililobebwa siku ya marejesho bila amri ya mahakama yoyote.

Kinga hiyo ina tundu moja kubwa. Ukiiweka nyumba au shamba rehani kwa hiari yako, umekubali liuzwe. Hata hapo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haijakuacha mikono mitupu. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Mkopeshaji lazima akupe notisi ya maandishi ya siku 60 kabla ya kuuza. Mnada wa ardhi hutangazwa hadharani siku 14 kabla. Na muuzaji anawajibika kutafuta bei nzuri inayopatikana: shamba likiuzwa kwa bei iliyo pungufu kwa robo au zaidi ya ile ya soko, mahakama itachukulia kwamba amevunja wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Siku 60 si nyingi, lakini ni za kufanyia kazi, na wengi huzimaliza wakijificha.

Kwetu Kagera kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye mkataba wowote, nalo ni ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Holaria Pastory, mama mzee wa Kagera aliyekuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alikuwa amezeeka, hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kutaka mauzo yabatilishwe kwa sababu mila haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji James Mwalusanya alikataa, akasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume, na kwamba ndugu akiitaka ardhi ile ailipie bei ileile aikomboe. Kesi hiyo inafundishwa vyuoni kama ushindi wa usawa wa kijinsia, na ni kweli. Mimi naona pia kitu kingine ndani yake: ukoo ulipata nguvu ya kusafiri hadi mahakamani baada ya shamba kuuzwa, lakini mama yule alipokuwa hana wa kumtunza haukuonekana. Vikao vya ukoo vinavyoitishwa kugombania kibanja kilichouzwa vingeitishwa miezi 6 kabla, deni likiwa bado la kulipika na watu kumi, Karagwe ingebaki na vibanja vingi mikononi mwa wenyewe.

Je, sheria ina nafuu yoyote kwa mtu ambaye hata akiuza kila kitu madeni hayaishi? Ipo kwenye vitabu. Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, yenye asili yake mwaka 1930 chini ya Waingereza, inamruhusu mdaiwa mwenyewe kutangaza kwamba hawezi kulipa na kuomba mali yake iwekwe chini ya usimamizi, wadai wagawane kilichopo, na yeye hatimaye aachiwe. Usimamizi huo kwa upande wa Serikali uko kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Tatizo ni mahali pa kuanzia. Ombi ni la Mahakama Kuu, iliyoko Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Nyakahanga. Linahitaji wakili, viapo, matangazo na ada. Mtu wa deni la shilingi milioni 3 atatumia karibu hizohizo kuthibitisha kwamba hana hata hizo. Kwa hiyo njia anayoitumia ni ya miguu: anaondoka usiku kwenda Uganda au Mwanza, na mkewe ndiye anayebaki kuulizwa.

Wenzetu wa Kenya walitunga Sheria ya Ufilisi mwaka 2015 na ndani yake wakaweka utaratibu wa mtu asiye na mali, mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za Kenya. Akikubaliwa, wadai wanasimamishwa, na baada ya miezi 12 madeni hayo yanafutwa, mradi hakuficha mali wala kukopa kwa hila. Kuna pia amri ya kulipa kwa awamu kwa mwenye kipato kidogo. Sidai kwamba kila mkulima wa Kenya anaifahamu. Nasema tu kwamba mtunga sheria alikaa akamfikiria mtu mdogo.

Hapa kwetu, wakati tukisubiri, nafuu iliyo karibu ni kusema mapema. Mtu anayekwenda benki au SACCOS mwezi mmoja kabla ya kukosa rejesho, akiwa na karatasi inayoonyesha anachodaiwa na kila mmoja, kahawa anayotarajia na tarehe ya kuipata, anazungumza na afisa mikopo ambaye bado ana uwezo wa kuongeza muda na kupunguza kiasi cha kila mwezi. Anayekwenda baada ya notisi anazungumza na dalali. Kumbukumbu za mkopo uliokwama huenda pia kwenye taasisi za taarifa za wakopaji, na zitamfuata siku atakapotaka mkopo wa pembejeo. Ukishafikishwa mahakamani usikimbie wito: hukumu ya upande mmoja haina masharti mazuri, ilhali hakimu aliyekusikiliza anaweza kuamuru ulipe kwa awamu kulingana na msimu wa kahawa. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 husaidia kuandika majibu bila malipo. Na kwa wajane: madeni ya marehemu hulipwa kutokana na mali aliyoacha, kupitia msimamizi wa mirathi. Anayesimama msibani na kudai hana mamlaka ya kumdai mjane kutoka kwenye jasho lake mwenyewe.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haina riba, na ingeweza kuvunja butura kama ingetoka Novemba badala ya kutoka wakati wowote karatasi zinapokamilika. Vyama vya msingi vinaijua kahawa ya kila mwanachama kwa kilo, mwaka hadi mwaka. Vikiunganishwa na SACCOS, vina dhamana ya kutosha kumpa mkulima malipo kidogo ya awali mibuni inapotoa maua, kwa riba ya kisheria. Na wabunge wa Karagwe na Kyerwa wanaweza kupeleka Dodoma hoja moja isiyo na gharama kubwa: mashauri ya ufilisi wa watu wenye madeni madogo yasikilizwe na Mahakama ya Wilaya, pale Kayanga, kwa fomu ya Kiswahili ambayo mwenye deni anaweza kuijaza mwenyewe.